Kusini mwa nani? Majina ya Kichina, Reli ya Uhuru na sisi wa Ufipa



Juzi nilikuwa kafe hapa Sumbawanga mjini, mashine inajivuta kama kawaida, nikafungua ramani iliyoandikwa Kichina. Nilitaka tu kuona sisi tunaandikwaje huko. Nikatukuta. Sumbawanga ni Songbawanjia. Rukwa ni Lukua, R yetu wameigeuza L. Na kila kipande cha jina hilo kimeandikwa kwa alama ambayo peke yake ina maana. Song ni msonobari, wan ni elfu kumi, jia ni kuongeza. Wewe unayeujua uwanda wetu, nyasi na upepo mpaka macho yanachoka, hebu niambie hiyo misonobari elfu kumi iko wapi!

Mchina akisoma hapo hafikirii msonobari, anasoma sauti tu. Hilo nalijua, msinirukie. Ila nilipoanza kuchimba majina mengine nikakutana na neno moja ambalo halikuniacha nilale: nan. Maana yake kusini. Na kwa kuwa siku hizi sisi tunaitwa "ndugu wa Kusini" kila mkataba unaposainiwa, nikaona tuwekane sawa kuhusu neno hili limetoka wapi.

Tuanzie kwao wenyewe. China kwa Kichina ni Zhongguo, nchi ya kati. Sasa ukishajiweka katikati, wengine wote inabidi uwape upande. Kwenye maandishi yao ya kale watu wa kusini waliitwa Nanman, tuseme washenzi wa kusini. Wa mashariki, magharibi na kaskazini nao walikuwa na majina yao, hakuna aliyepona. Halafu kuna kitu kimoja nimekipenda: dira kwa Kichina ni zhinanzhen, yaani sindano inayoonyesha kusini. Sisi wote tumefundishwa shuleni kwamba sindano inaonyesha kaskazini. Sindano ni ile ile moja, inategemea unaangalia ncha ipi. Kiswahili nacho kina njia yake, kusini na kaskazini tumezichukua kwenye pepo, kusi na kaskazi, zile zilizokuwa zinasukuma majahazi. Kwa hiyo kusini kwa mtu wa pwani ni upepo, kwa Mchina wa kale ni watu wasiostaarabika.

Mtasema hayo ya kale yanatuhusu nini. Sikilizeni kisa cha Vietnam. Miaka zaidi ya 2,000 iliyopita kulikuwa na ufalme unaitwa Nanyue, Yue ya kusini, ambao ulishika eneo la Guangdong na Guangxi ya leo pamoja na kaskazini ya Vietnam. Dola ya Han ikaumeza mwaka 111 kabla ya Kristo. Zikapita karne na karne. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfalme wa Vietnam, Gia Long, akaomba Beijing imtambue kwa jina la Nam Viet, yaani lile lile Nanyue kwa matamshi ya kwao. Mfalme wa China akashtuka: ukijiita hivyo kesho si utadai Guangdong? Akakataa, akayapindua maneno mawili. Mwaka 1804 ikawa Viet Nam, kwa Kichina Yuenan. Maneno ni yale yale, kusini imehamishwa tu kutoka mbele kwenda nyuma, na madai ya ardhi yakafungwa hapo. Kwa hiyo anayesema jina ni jina tu, hajui anachosema.

Sasa sisi tulikuwa wapi kwenye hesabu hiyo? Hatukuwa kusini kabisa, tulikuwa magharibi. Safari za Zheng He, zile za meli kubwa kubwa za kuanzia 1405 hadi 1433, waliziita safari za Xiyang, Bahari ya Magharibi, na Malindi imo humo kwa jina la Malin. Kabla yake, mwaka 1225, ofisa mmoja wa forodha, Zhao Rugua, aliandika kitabu cha nchi za ng'ambo akataja Cengba, ambayo wasomi wanasema ndiyo pwani ya Zanji, upande wetu wa Zanzibar. Anazungumzia pembe za ndovu na dhahabu, na watu wanaofuata Uislamu. Biashara safi, hamna tusi.

Lakini kuna majina mengine. Enzi ya Tang, karne ya 7 hadi ya 10, watu weusi wa bahari za kusini waliitwa Kunlun, na mtumwa wa namna hiyo akaitwa kunlun-nu. Wengi wao walikuwa watu wa visiwa vya kule Malaya, si Waafrika, ila neno Sengzhi nalo limo, ambalo ni Zanji, na mwanzoni mwa karne ya 9 watu wa Sengzhi walipelekwa China kama zawadi kutoka Java. Zawadi! Linganisha na mwaka 1415 mabalozi wa Malindi walipopeleka twiga. Huyo alipewa jina la qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao, akapokewa kwa shangwe ikulu. Twiga wetu alipata jina zuri kuliko binadamu wetu. Kwenye hotuba za urafiki wa miaka 600 huwa tunasikia ya twiga tu.

Tuje karibu na nyumbani. Ukitoka hapa Sumbawanga ukashuka hadi Tunduma, kilometa zaidi ya 200 za lami (ambazo kwa utani wa historia zililipiwa na Wamarekani kupitia MCC), unaikuta TAZARA. Wachina wanaiita Tan-Zan tielu. Tielu ni njia ya chuma. Tan-Zan, Mtanzania akisikia haraka haraka anadhani ni Tanganyika na Zanzibar. Sivyo. Tan ni Tanzania nzima, Zan ni Zambia. Alama ya tan maana yake tambarare, ya zan maana yake kusifia. Na jina letu kamili, Tansangniya, lina siri tamu: tan imetoka Tanganyika, sang imetoka Sanggeibaer, ambayo ni Zanzibar. Kwa hiyo Muungano wa 1964 umo ndani ya jina letu la Kichina, kama ulivyo ndani ya la kwetu. Hiyo sang, kwa alama, ni mforosadi, mti ambao majani yake huliwa na viwavi wa hariri. Hapo nawapa maksi zote.

Sasa reli yenyewe ilijengwa kwa sababu ya kusini. Novemba 1965 Smith na wenzake wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa wachache, na shaba ya Zambia ilikuwa inapita huko huko kwenda baharini. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia walishasema reli ya kwenda Dar haina faida. China ikasema nitajenga. Mkataba ulisainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi 1970 hadi 1975, kilometa 1,860, mkopo wa yuan milioni 988 bila riba, na Julai 1976 ikakabidhiwa kwa serikali mbili, hisa nusu kwa nusu. Wazee wakaiita Reli ya Uhuru. Jina hilo halikutoka Beijing, lilikuwa letu. Na kusini ya wakati huo haikuwa upande wa ramani, ilikuwa kazi: Rhodesia, Msumbiji, Angola, Namibia, Afrika Kusini.

Baadaye Mwalimu alilichukua neno hilo akalipeleka mbali zaidi. Mwaka 1987 akawa mwenyekiti wa Tume ya Kusini, ripoti ikatoka 1990, na hadi leo kuna Kituo cha Kusini kule Geneva kilichozaliwa na kazi ile. Angalieni alichofanya mzee yule. Kusini ilikuwa jina la maskini, akalifanya jina la chama. Tulijiita wenyewe.

Leo Beijing nayo inasema ni Kusini. Kwa Kichina ni quanqiu nanfang, Kusini ya dunia nzima. Agosti 2023 Xi Jinping alikuwa Johannesburg kwenye mkutano wa BRICS, akasema China ni mwanachama wa Kusini. Nchi ya kati imehamia kusini! Sumbawanga iko nyuzi kama 8 kusini ya ikweta, Beijing iko nyuzi karibu 40 kaskazini, lakini haya, undugu si jiografia. Mimi sina ugomvi na hilo. Swali langu ni moja: ndugu huyu wa Kusini mkataba wake wa sasa unafanana na ule wa 1967?

Haufanani. Septemba 2024 marais watatu, wa kwetu, wa Zambia na wa China, walishuhudia makubaliano ya awali Beijing. Septemba 2025 mkataba ukasainiwa Lusaka: kampuni ya CCECC inaweka kama dola bilioni 1.4, inakarabati, halafu inaiendesha reli, jumla miaka 30. Wa kwanza ulikuwa mkopo, tukapewa reli tukaiendesha wenyewe. Huu ni uwekezaji, na anayeendesha ni mwekezaji mpaka apate chake. Inawezekana kabisa ndio dawa, maana sisi wenyewe tuliiendesha hadi ikachoka, tusidanganyane. Lakini magazeti yanaandika "ukarabati wa TAZARA" na viongozi wanasema "Reli ya Uhuru inafufuliwa". Jina ni la 1976, kilichomo ni cha 2025. Ndiyo ile ya Gia Long, neno lile lile limebadilishwa pa kukaa.

Na kwetu sisi hili si la vitabuni. Rukwa ni mahindi. Gunia likitoka Laela au Matai bei yake inaliwa na nauli ya lori kabla halijafika sokoni. Treni ya mizigo ikikimbia kweli kutoka Tunduma, mkulima wa Ufipa ana cha kupata. Ikikimbia na shaba tu ya Zambia na Kongo, tutabaki tunapunga mkono. Nani amepanga bei ya behewa la mahindi kwenye karatasi zile? Tumeuliza?

Tusijione malaika vile vile. Wao wametupa majina kwa miaka zaidi ya elfu, sisi kwao tuna jina moja: Mchina. Simu mbovu ni ya Kichina, kiatu kikifumuka ni cha Kichina, na Julai 2025 serikali ilipozuia wageni kwenye aina 15 za biashara ndogo, watu kibao walishangilia "Wachina waondoke" kana kwamba wageni wote ni wao. Dar, upande wa Gongo la Mboto, kuna makaburi karibu 70 ya Wachina, wengi wao wa kazi ya reli ile. Majina yameandikwa kwa alama zao na wengi wetu tunapita bila kuweza kusoma hata moja. Neno la Kichina tunalolitamka wote kila asubuhi ni chai, ambalo limetufikia kwa mzunguko kupitia Uajemi na India. Mwingereza na "tea" yake kalipata kwa Wachina wa Fujian, lugha yao inaitwa Minnan. Hiyo nan mwishoni mshaijua.

Sisi wa huku tuna uzoefu na majina ya kupewa. Jina lenyewe Wafipa tulibandikwa na wafanyabiashara wa misafara karne ya 19, watu wa kwenye ukingo wa mlima, na likaganda hadi tumelipenda. Kasanga pale ziwani Mjerumani aliibandika Bismarckburg, akaondoka nalo. Songbawanjia sijui litaangukia upande gani.

Wenye wazee waliofanya kazi na Wachina kule Tunduma, Mlowo au Makambako miaka ile ya 70, naomba muwaulize kabla hawajatutoka: kambini Wachina waliwaitaje? Kwa majina yao, au waliwapa mengine? Na wao waliwaitaje wale Wachina?