Usidanganywe na Bei ya Ndege

Pengine umepita barabara ya Lang'ata jioni ukaziona zile ndege ndogo zilizopangwa uwanjani Wilson, na mtoto akakuuliza, "Baba, yetu tutanunua lini?" Usicheke. Wapo wazazi wenye vijana katika shule za urubani wanaopiga hesabu kwamba, badala ya kukodi ndege kila saa ya mafunzo, heri wanunue Cessna kuukuu, kijana ajifunze nayo kisha iuzwe. Hesabu hiyo yaweza kukufaa. Yaweza pia kukuuzisha shamba.

Tuchukue tatu zinazojulikana sana, zote za injini moja. Cessna 150 ina viti 2 na nguvu za farasi 100. Hunywa kama lita 22 kwa saa. Cessna 172 ina viti 4, nguvu zipatazo farasi 160, na hunywa lita 32 hivi. Cessna 182 nayo ina viti 4 lakini farasi 230, na hunywa karibu lita 49. Haya ni mafuta maalumu ya ndege, yale ya rangi ya samawati, wala huyapati katika kituo cha petroli mtaani.

Utasema 182 ni mlafi. Ngoja kwanza. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa njia ya angani ni kama kilomita 440. Ile 150, ikienda kilomita 170 kwa saa, itamaliza lita 57. Ile 172, kwa mwendo wa kilomita 200, itatumia lita 70. Nayo 182, ikikimbia 250, itakunywa lita 86 na kukufikisha dakika 50 kabla ya 150. Kwa hiyo ile tofauti ya lita 17 kila saa baina ya 172 na 182 imekuwa lita 16 kwa safari nzima.

Na viti usivihesabu kama vya matatu. Cessna 172 hubeba karibu kilo 400, mafuta yakiwemo. Ukijaza tangi hubaki kama kilo 290. Baba, mama, wana wawili wa sekondari na masanduku yao? Isitoshe, Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na jua la adhuhuri huizidisha wepesi, hata injini ikapungukiwa nguvu. Huko hakuna makanga wa kusema "songeni kidogo".

Lakini mafuta ndiyo gharama iliyo rahisi kuiona. Bima, hangari na ukaguzi wa kila mwaka hulipwa hata ndege ikilala. Ikiruka saa 40 kwa mwaka, kila saa hubeba mzigo huo mara 5 kuliko ya jirani yako arukaye saa 200. Ndiyo maana kwa familia ya kawaida mimi naona afadhali chama cha watu 4 au 5, ama kuendelea kukodi.

Halafu kuna injini. Mtengenezaji huipangia saa za kufanya kazi kabla ya kufunguliwa na kuundwa upya: 1,800 kwa injini ya Cessna 150, 2,000 kwa nyingi za 172. Kazi hiyo hula fedha nyingi mno. Sasa fikiria umeuziwa 150 kwa bei ya kutupa, nayo injini imekwisha fanya saa 1,700. Kijana anayetafuta leseni ya urubani wa biashara huhitaji saa zipatazo 200. Akifika nusu ya safari yake, injini imekwisha muda, na ada ya shule bado.

Kwa hiyo ukienda kutazama ndege, rangi iache. Omba vitabu vya injini na vya propela, usome saa zilizoandikwa humo pamoja na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Ukiambiwa vimepotea, shukuru kwa chai urudi nyumbani.