Ufunguo Uko Mfukoni Mwa Nani?

Wasee, leo mtanikasirikia na nimekubali. Nimekaa na hii posti kwa simu wiki mbili, naandika nafuta, naandika nafuta. Acha tu niitoe.

Kuna aina moja ya hadithi mnaipenda sana. Wengine wenu mliijua kupitia mimi, ndiyo maana naona aibu. Iko hivi: msichana anatekwa. Jamaa aliyemteka ni mrefu, ana pesa, haongei sana, na ana kovu mahali pazuri pazuri. Anampeleka kwenye kamji kadogo huko mbali, milimani, mtandao hakuna, jirani hakuna, theluji imefunga barabara. Sura ya tatu msichana analia. Sura ya kumi anampikia. Sura ya ishirini wamependana, na sisi tunaosoma saa nane usiku chini ya blanketi tunalia kwa furaha.

Niliisifu hadithi kama hiyo hapa hapa, na emoji za macho ya mapenzi juu. Nikaandika, "Mimi pia nitekwe jamani." Mlicheka. Mimi pia nilicheka.

Halafu msichana mmoja akanitumia ujumbe. Jina lake silitaji, na mji siutaji. Ana miaka 19. Alitoka Nairobi akamfuata mpenzi wake kwenye mji mdogo ambako jamaa alipata kazi, mahali ambapo yeye hajui mtu hata mmoja. Jamaa akienda kazini anabeba simu mbili, yake na ya msichana. Geti anafunga kwa nje. Jioni akirudi analeta chipsi na kuku. Msichana aliniandikia Jumapili, kwa sababu Jumapili ndiyo siku anayorudishiwa simu. Swali lake lilikuwa hili: "Huyu wangu si ni kama yule wa hadithi yako? Ananifungia kwa sababu ananipenda, ama?"

Hadithi *yako*. Hapo ndipo kicheko kiliisha.

Kwa hivyo leo nasema hivi, na sitazunguka. Mtu akikufungia, kile unachohisi juu yake baadaye si ushahidi kwamba yeye ni mtu mzuri. Ni ushahidi kwamba wewe unataka kuishi. Na kila tunapokaa hapa kujadili moyo wa aliyefungiwa, eti alipenda, eti hakupenda, eti ana kichaa, kuna mtu mmoja tunamsahau: yule mwenye ufunguo mfukoni.

Hebu niwapeleke kwenye mji mdogo wa ukweli, si wa hadithi. Unaitwa Strasshof, uko Austria, kama kilomita 25 kutoka Vienna. Machi 2, 1998, mtoto wa miaka 10, Natascha Kampusch, alikuwa anatembea kwenda shule huko Vienna. Mwanamume anayeitwa Wolfgang Přiklopil akamvuta ndani ya gari, akampeleka Strasshof na kumfungia kwenye chumba kidogo chini ya gereji yake. Kama mita 5 za mraba, bila dirisha. Alikaa mikononi mwa yule mtu siku 3,096. Piga hesabu: ni zaidi ya miaka minane. Alitekwa akiwa na umri wa mtoto wa darasa la nne, akatoka na umri wa mtu aliyemaliza sekondari.

Sasa sikiza hii, kwa sababu hadithi zetu hudanganya hapa. Strasshof haikuwa msituni. Theluji haikuwa imefunga barabara. Majirani walikuwepo, wanamwagilia maua yao. Miaka ya mwisho jamaa alimtoa nje mara kadhaa, wakaenda dukani, na mara moja wakaenda hata kuteleza kwenye theluji kama watalii. Watu walimwona kwa macho. Hakupiga nduru.

Najua mnachotaka kuuliza. "Sasa mbona hakukimbia?" Kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba akiongea na mtu yeyote, mtu huyo atauawa. Aliambiwa milango na madirisha ya ile nyumba yametegwa vilipuzi. Aliambiwa wazazi wake hawamtaki tena. Alipigwa. Alinyimwa chakula mpaka mwili ukaisha. Halafu siku nyingine mtu huyo huyo anamletea kitabu, au zawadi ya Krismasi. Ukiwa na miaka 10, na huyo ndiye binadamu pekee unayemwona, ndiye anayewasha taa na ndiye anayezima, utafanya nini? Utajifunza kumsoma uso. Utajifunza kumfurahisha. Utatafuta ule upande wake mzuri, hata kama ni mdogo kama punje ya mtama, na utaushikilia, kwa sababu huna kingine cha kushika.

Agosti 23, 2006, alikuwa anasafisha gari kwa mashine ya kufyonza vumbi. Simu ya jamaa ikalia, akasogea pembeni kukwepa kelele. Natascha akatoka mbio. Jamaa akajitupa kwenye treni siku hiyo hiyo. Natascha alipoambiwa kwamba amekufa, ilisemekana alilia. Basi dunia ikapata la kusema. Eti alimpenda. Eti ameshikwa na ule ugonjwa wa Stockholm. Msichana alitoka kwenye shimo na watu wakamrudishia shimo lingine, la maneno.

Yeye mwenyewe alilikataa jina hilo, kwenye mahojiano na kwenye kitabu alichotoa 2010. Anachosema ni rahisi: kumkaribia aliyekuteka si ugonjwa, ni njia ya kubaki hai. Na kumbandika mtu jina la ugonjwa ni kumnyang'anya haki ya kueleza maisha yake mwenyewe.

Na huo "ugonjwa wa Stockholm" mnaoutaja kila siku, mnajua ulitoka wapi? Tarehe ile ile, Agosti 23, lakini mwaka 1973. Jambazi mmoja, Jan-Erik Olsson, aliingia benki moja Stockholm, Uswidi, na bunduki. Akawashika mateka wafanyakazi wanne kwa siku sita. Mmoja wao, Kristin Enmark, alikuwa na miaka 23. Alimpigia simu waziri mkuu, Olof Palme, akamwambia anaogopa polisi kuliko majambazi. Aliomba mateka waruhusiwe kuondoka na majambazi, kwa sababu aliona polisi wakivamia kwa nguvu, wanaokufa ni wao. Palme alikataa. Polisi wakatoboa dari na kumwaga gesi ya kutoa machozi.

Mimi nikisoma hapo naona dada aliyepiga hesabu zake vizuri. Lakini daktari wa akili aliyekuwa akiwashauri polisi, Nils Bejerot, akaja na jina: eti mateka wamewapenda majambazi, akili zimegeuka. Kristin hakuwahi kukalishwa chini na huyo daktari na kuulizwa. Alikosoa polisi, akaitwa mgonjwa. Mpaka leo huo ugonjwa haumo kwenye kitabu kikubwa ambacho madaktari wa akili wa Marekani hutumia kutambua magonjwa. Lakini umo kwenye midomo yetu sote.

Mnaona vile inaenda? Hadithi za mapenzi zinasema, "Amempenda, ni tamu." Watu wanaojifanya wasomi wanasema, "Amempenda, ni mgonjwa." Zinaonekana ni pande mbili, kumbe ni upande mmoja. Wote wanamwangalia msichana. Hakuna anayeangalia ufunguo.

Na msiniambie haya ni mambo ya wazungu. Vukeni tu mpaka hapa. Aboke, kaskazini mwa Uganda, ni mahali padogo kabisa. Oktoba 1996, usiku, waasi wa LRA waliingia shule ya wasichana ya St. Mary's wakateka wasichana 139. Mtawa mmoja kutoka Italia, Sista Rachele Fassera, pamoja na mwalimu mmoja, aliwafuata waasi kwa miguu porini. Akabembeleza mpaka akarudi na wasichana 109. Wengine 30 walibaki. Wakagawiwa makamanda. Na mnajua waliitwa nani? *Wake.* Hakuna aliyeulizwa, hakuna mahari, hakuna shangazi, hakuna ndiyo. Bunduki tu. Lakini neno lililotumika ni lile lile tunalotumia harusini. Waliporudi nyumbani miaka baadaye na watoto mgongoni, kuna majirani waliowanyooshea kidole kana kwamba walienda kuolewa.

Februari 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague ilimpata na hatia kamanda mmoja wa LRA, Dominic Ongwen. Kati ya makosa yake kulikuwa na ndoa ya kulazimishwa na mimba ya kulazimishwa. Yaani mahakama ilisema wazi: hiyo si ndoa, hiyo ni jinai. Na hapa nataka wale mnaopenda mtekaji mwenye kovu na utoto wa kusikitisha msikize vizuri. Ongwen mwenyewe alitekwa akiwa mtoto, njiani kwenda shule. Utoto wake ulikuwa wa kutisha kuliko wa jamaa yeyote wa riwaya zenu. Mahakama ililiona hilo, ikampunguzia adhabu, akapewa miaka 25. Lakini haikusema hana hatia. Unaweza kumhurumia mtu na bado akafungwa. Hadithi zetu zinatufundisha kwamba ukishajua maumivu yake, kazi yako ni kumpenda mpaka apone. Hapana. Wewe si hospitali.

Najua mtasema, "Lakini wewe, ni hadithi tu, tunajua tofauti." Sawa. Sisemi zipigwe marufuku, na kama unasoma usiku, simkaribishi mathee wako aje akupokonye simu. Ukisoma, ufunguo ni wako. Ukichoka unafunga kitabu, unalala, asubuhi unapanda mat unaenda chuo. Hiyo ndiyo tofauti yote. Lakini zingine hazituachi tukumbuke tofauti hiyo. Mwaka 2020 Netflix ilileta filamu ya Poland ambapo jambazi anamteka mwanamke na kumpa siku 365 ampende. Duffy, mwimbaji wa Wales ambaye mwaka huo huo alikuwa amesimulia jinsi yeye mwenyewe alivyotekwa na kubakwa, aliandika barua ya wazi kulalamika kwamba utekaji unapambwa uonekane mahaba. Mtu aliyewahi kuwa ndani ya kile chumba anatuambia kwamba hakifanani. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunabishana kama jamaa wa filamu ni mrembo.

Wengine mtasema, "Lakini hisia ni hisia, labda kweli alimpenda." Labda. Mimi siingii moyoni mwa mtu. Ila mapenzi yana kipimo kimoja ambacho mtoto wa gredi ya pili anakielewa: unaweza kusema hapana na bado ukalala salama? Unaweza kutoka na ukarudi kwa miguu yako? Kama jibu ni la, basi chochote unachohisi kinaitwa jina lingine, na si wewe wa kuona aibu.

Nikarudi kwa yule dada wa Jumapili. Sikumwambia "wachana naye" kama vile ni kuvua kandambili. Nilimwomba msamaha kwanza, kwa ile posti. Halafu nikamwambia hivi: mji wako si mdogo kwa sababu ya ramani. Ni mdogo kwa sababu mtu mmoja ameufunga. Akachukua Jumapili tatu. Ya kwanza alimpigia dadake wa kwanza tumbo moja. Ya pili dadake akamtumia nauli. Ya tatu akasema anaenda kanisani, na akapanda matatu.

Wiki mbili zilizopita aliniandikia tena. Anasema yuko salama, amerudi kwao. Halafu akaongeza: usiku anamkosa. Anamkumbuka akiingia na mfuko wa chipsi. Akauliza kama yeye ana kichaa.

Ndiyo maana nimeandika haya yote. Dada, huna kichaa. Siku nzima geti lilikuwa limefungwa, na kitu kizuri pekee kilichoingia kiliingia na yeye. Ungekosaje kukisubiri? Lakini chipsi zinauzwa kila mahali, hata huko kwenu. Kilichokuwa adimu ni mlango, na huo umeupata mwenyewe.

Nyinyi wengine, kama Jumapili ndiyo siku yako ya simu, piga 1195. Ni bure, na mtu anapokea. Kama una chini ya miaka 18, piga 116. Na kama wewe ni jirani unayeona geti linafungwa kwa nje kila asubuhi, acha kuuliza mbona hatoki. Uliza ni nani anafunga.

Ile posti yangu ya zamani nimeiacha. Sijaifuta. Nimeandika tu juu yake: nilikosea.