Breki Inayotetemeka



Ndugu wasomaji, pikapu kuukuu ndiyo riziki ya nyumba nyingi katika Taita Taveta. Ndiyo ishushayo kabichi kutoka Wundanyi hadi Voi, na ndiyo ibebayo ndizi za Taveta kuelekea soko la Kongowea. Basi mwenye gari anapolalamika kwamba breki hutetemeka kila akanyagapo, na kwamba amebadilisha pedi mara mbili na tetemeko limerudi, neno lake haliwahusu mafundi peke yao. Linahusu roho za watu.

Tetemeko linalorudi baada ya matengenezo lina maana moja: imetibiwa homa, ugonjwa haukutafutwa. Nasi twaona kuutafuta kuna utaratibu.

Kwanza ijulikane linatoka wapi. Usukani ukitikisika mikononi, tazama magurudumu ya mbele. Usukani ukitulia lakini kiti na kanyagio vikadunda, shuku dramu za nyuma. Ili kuhakikisha, dereva aende polepole katika barabara tambarare isiyo na watu, kisha avute breki ya mkono taratibu. Katika pikapu nyingi breki hiyo hushika nyuma tu. Tetemeko likitokea, huenda dramu zimepoteza mviringo wake.

Likiwa la mbele, wengi husema diski imepinda kwa moto. Mara nyingi sivyo. Diski imekaa upande kidogo kwa sababu ya kutu au uchafu ulioachwa kati yake na hubu, au kwa nati zilizokazwa ovyo. Kila mzunguko huigusa pedi mahali pale pale, na siku zikipita unene wake hauwi sawa. Tofauti iliyo ndogo kuliko unene wa unywele yatosha kumtikisa dereva. Ndiyo sababu hata diski mpya huugua tena ikiwa hubu haikusafishwa.

Kwa hiyo fundi asugue hubu hadi chuma kionekane, na apime mzunguko wa diski kwa kipimo cha mshale. Apime na unene wake. Mara nyingi kiwango cha chini kimeandikwa juu ya diski yenyewe, na iliyokaribia kiwango hicho haichongwi tena, hubadilishwa. Atazame pini za kalipa kama zateleza: gurudumu moja likiwa na moto kuliko mwenzake, hapo pana jambo. Akague beringi na tairodi, kwani zikilegea hulikuza tetemeko dogo. Mwisho nati zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa nguvu iliyo sawa.

Lililobaki ni la dereva. Wundanyi iko juu ya Voi kwa zaidi ya mita 700, na kona za kuteremkia Mwatate ni nyingi. Ashukaye na mzigo huku mguu umelala juu ya breki huziunguza pedi. Na akisimama huku amekandamiza kanyagio, pedi yenye moto huacha alama yake juu ya diski. Aingize gea ndogo mapema, ili injini imsaidie kulishika gari.

Nasi twakumbusha hukumu mbili. Abiria na watembeao kando ya njia ni amana. Mwenye kuijua hitilafu akaendelea kuwapakia watu, hana udhuru wa kusema ajali ni kadari. Na auzaye gari ni wajibu wake kuitaja aibu aijuayo. Mwenye kutia pedi mpya ili tetemeko litulie hadi pesa zipokewe, amehadaa, na fiqhi humpa mnunuzi haki ya kulirudisha gari.

Dua ya safari tuisome, na breki tuzikague kabla yake. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakujapata kumzuia mja kufungua gurudumu akatazama.

Wabillahi tawfiq.