Maktaba ya Majaribio Isiyofunga Milango

Wasomaji wetu, safari hii safu ya kompyuta inagusa jambo ambalo wanachama wanaosoma sayansi ya kompyuta hulifanya kila siku, na ambalo wale wa isimu na fasihi huenda wakaona haliwahusu: kuijaribu programu kabla ya kuwapa watu waitumie. Tunataka kuonyesha kwamba linawahusu sana, na kwamba kuwahusu kwao kunategemea jinsi chombo cha kujaribia kilivyoundwa.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Tuseme tunaandika programu inayopokea nomino ya Kiswahili katika umoja na kuirudisha katika wingi. Kanuni ya kwanza ni rahisi: ki- huwa vi-, kitabu kinakuwa vitabu. Mara inakuja kilo, nayo haiwi vilo. Chura wakiwa wengi ni vyura, lakini chatu hata wakiwa kumi hubaki chatu. Mtumwa wingi wake ni watumwa, mtume wingi wake ni mitume. Kila tunapoirekebisha kanuni kwa ajili ya neno moja, tunaweza kuliharibu jingine lililokuwa sawa jana, wala tusijue. Dawa yake ni kuandika majaribio, yaani maneno pamoja na majibu tunayoyatarajia, kisha kompyuta iyapitie yote kila tunapougusa msimbo.

Maktaba ya majaribio ndiyo inayofanya kazi hiyo. Huyatafuta majaribio yalipo, huyaandalia mazingira, huyaendesha, husafisha kilichobaki, kisha hutoa ripoti ya kilichofaulu na kilichoanguka. Kiini chake si kikubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye bidii anaweza kuandika cha kwake kwa siku chache. Taabu huanza watu wakishaipenda. Mmoja anataka kila jaribio lianze na hifadhidata mpya. Mwingine ana majaribio elfu kadhaa na anataka yaendeshwe sambamba. Wa tatu anataka ripoti katika muundo mwingine. Mwandishi akiyatia yote ndani, maktaba inavimba hadi yeye mwenyewe aiogope. Akiyakataa yote, wenye haja watapitia dirishani.

Na kweli walipitia dirishani. Kent Beck alikuwa ameandika maktaba ya majaribio ya lugha ya Smalltalk, akaieleza kwa maandishi mwaka 1994. Mwaka 1997 yeye na Erich Gamma walikuwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, kwenye mkutano wa OOPSLA, na humo safarini wakaandika pamoja maktaba ndogo ya lugha ya Java. Ndiyo JUnit. Ilikuwa ndogo na nyepesi kueleweka, na ikaenea katika ulimwengu wa Java kiasi kwamba lugha nyingine nyingi zikaiga umbo lake.

Toleo la 4, la mwaka 2006, lilikuwa na mlango mkuu mmoja wa kuongezea mambo. Mtumiaji aliweza kuiambia maktaba: darasa hili la majaribio liendeshwe na mwendeshaji wangu. Lakini kila darasa liliruhusiwa mwendeshaji mmoja tu. Aliyetaka mwendeshaji wa Spring wa kuandaa mazingira, na papo hapo mwendeshaji wa kurudia jaribio lilelile kwa data tofauti, ilimbidi achague mmoja. Baadaye zikaongezwa kanuni zilizoweza kuwekwa nyingi pamoja, ila hizo nazo ziliishi kando ya waendeshaji. Milango ikawa miwili, na kila mmoja na taratibu zake.

Kulikuwa na tatizo jingine lililojificha zaidi. Programu za kuandikia msimbo, kama Eclipse na IntelliJ IDEA, zilihitaji kujua ni majaribio yapi yapo na yapi yameanguka, lakini JUnit haikuwa imezitengea mahali rasmi pa kuuliza yote hayo. Wenye zana wakazoea kuchungulia ndani ya maktaba, hata kwenye sehemu ambazo waandishi walizitia alama kuwa ni za faragha. Katika nyumba zetu za Pwani mgeni hukaa barazani, na mwenye nyumba anabaki huru kupanga vyumba vya ndani apendavyo. JUnit 4 baraza yake ilikuwa finyu, wageni wakaingia hadi chumbani. Tangu hapo kila samani iliyohamishwa ilimwangusha mtu.

Mwaka 2015 kikundi cha waandaaji programu kilichanga fedha kwa umma ili kuijenga JUnit upya. Waliomba euro 25,000, wakapata zaidi ya 50,000. Toleo la 5 lilitoka Septemba 2017 likiwa limegawanywa. Kuna jukwaa la chini ambalo zana huzungumza nalo, na juu yake hukaa injini zinazojua kuyatambua na kuyaendesha majaribio. Injini moja ni ya majaribio mapya, nyingine ni ya yale ya zamani, na mtu mwingine yeyote anaweza kuandika yake. Mwendeshaji mmoja akaondoka, zikaja nyongeza zinazowekwa kadiri mtu anavyotaka katika darasa moja. Waandishi walijiwekea pia msimamo kwamba, mahali panapowezekana, ni heri kutoa mlango wa kuongezea jambo kuliko kulitia jambo lenyewe ndani.

Watumiaji wa Python wana pytest, ambayo Holger Krekel aliianzisha na jamii kubwa ikaiendeleza. Wazo lake linaeleweka kwa urahisi kama tukiifikiria kazi ya maktaba kuwa safari yenye vituo. Kuna kituo cha kukusanya mafaili, cha kuliandaa jaribio, cha kuliendesha, cha kuandika ripoti, na vingine vingi. Kila ikifika kituoni, maktaba huita wote waliojiandikisha hapo. Sehemu kubwa ya pytest yenyewe imeandikwa hivyohivyo, kwa nyongeza zinazosubiri kwenye vituo vilevile wanavyopewa wageni. Kwa hiyo kituo kibovu humuumiza mwenye nyumba kwanza, naye hana budi kukitengeneza. Leo orodha ya nyongeza zilizoandikwa na watu wengine imepita 1,000.

Mambo mawili madogo katika muundo huo yanastahili kuigwa. La kwanza, anayejiandikisha kituoni hutaja zile taarifa anazozihitaji tu, hata kama kituo kinatoa tano. Ndiyo sababu waandishi wanaweza kuongeza taarifa ya sita mwaka ujao bila kuziangusha nyongeza za zamani. La pili, ukikosea tahajia ya jina la kituo katika nyongeza yako, pytest haikai kimya. Hukuambia kwamba haina kituo hicho. Mlango unaonyamaza ukibisha vibaya hupoteza siku nzima ya mtu.

Sasa turudi kwa chatu na mitume. Katika mradi wa wingi wa nomino, wajuzi wa kweli si waandika msimbo. Ni mwanaisimu, ni mwalimu wa Kiswahili, ni mama aliyekulia Lamu na sasa anaishi ughaibuni. Maktaba isiyo na milango itawaambia: jifunzeni Python kwanza. Kwa pytest, mwandaaji programu mmoja huandika mistari michache kwenye kituo cha kukusanya mafaili, akaiagiza kwamba ikikuta jedwali la maneno, kila mstari wake uhesabiwe kuwa jaribio. Tangu siku hiyo anayejua kuandika safu mbili, umoja na wingi, ni mjaribu kamili. Neno lake likianguka, litatajwa kwenye ripoti sawa na jaribio la mhandisi. Hapa ndipo tunaposema muundo wa maktaba ni suala la nani anakaribishwa kazini.

Hata hivyo milango ina gharama. Kila kituo ulichokitangaza ni ahadi. Ukikifuta, umevunja kazi za watu usiowajua. Na katika maktaba ya majaribio ipo hatari ya pekee: nyongeza inaweza kuificha hitilafu. Ipo nyongeza ya pytest inayolirudia jaribio lililoanguka ili kuona kama litafaulu mara ya pili. Ina manufaa mtandao ukiyumba, lakini ikitumiwa ovyo hugeuza kosa la kweli kuwa alama ya kijani. Kwa hiyo ripoti iseme wazi ni majaribio yapi yalirudiwa, msomaji asidhani yote yalifaulu kwa mara moja.

Wanachama wanaoandika maktaba kwa ajili ya mradi wa mwisho wa masomo, ushauri wetu ni huu. Anzeni na vituo vichache. Kila jambo jipya mnalolitaka, jaribuni kwanza kuliandika kama nyongeza, kana kwamba nyinyi ni wageni. Likishindikana, mmegundua kituo kinachokosekana. Ruhusuni nyongeza nyingi kukaa pamoja, na iliyoanza kuandaa iwe ya mwisho kusafisha, kama vile aliyeingia na sufuria ya chini kabisa huitoa baada ya zote za juu yake. Mtakapohitimu na kuondoka, atakayerithi kazi yenu ataweza kuiendeleza bila kuwatafuta kwa simu.

Na nyinyi wa isimu na fasihi, tunawaomba maneno. Andikeni umoja upande mmoja na wingi upande wa pili, hasa yale yanayovunja kanuni, yakiwemo ya Mombasa, Unguja, Bukavu na Maskati. Mtume na mitume tunaye tayari.