Mpaka wa Miaka Mitano

Ujumbe wa “mtoto katoka hospitali, Mungu ni mwema” ukifika kwenye simu za ukoo hapa Mutanga Sud, Bujumbura, habari huhesabiwa imekwisha. Pongezi humiminika, mchango hufungwa, na wiki ya pili hakuna anayeuliza kama kiwiko cha mtoto aliyevunjika mkono kinakunjika. Hasira yangu wiki hii si kwa mashangazi, maana wao hutoa walichonacho. Ni kwa mpaka uliowekwa Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alipotangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Uamuzi ule nauheshimu. Kwa majeraha, hata hivyo, mpaka huo umekaa pabaya. Mkono kuvunjika juu kidogo ya kiwiko hutokea zaidi kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, umri wa kupanda miembe na kushindana mbio mteremkoni. Serikali humwachia mtoto mkono pale pale anapoanza kuanguka.

Mzazi anayeogopa bili humpeleka mwanawe kwa waunga mifupa. Wapo wenye mikono mizuri, lakini kitambaa kikikazwa mno juu ya uvimbe huzuia damu, na vidole vinaweza kupinda vikabaki hivyo maisha yote. Hofu ya mzazi huyo ina historia: Septemba 2006 Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya wagonjwa waliozuiliwa katika hospitali za Burundi kwa sababu ya deni, watoto wakiwemo. Jambo kama hilo familia hazilisahau upesi.

Nitajibiwa kwamba kuna CAM, kadi ya msaada wa matibabu. Kadi hiyo, iliyouzwa miaka mingi kwa faranga 3,000 kwa kaya, ilipunguza mzigo, lakini sehemu ya bili ilibaki kwa mzazi, na nauli haikuwamo kabisa. Nauli ndiyo inayokatisha matibabu, hasa safari za kurudi kupimwa. Mfupa wa mtoto huunga haraka kuliko wa mtu mzima, nasi tunadanganyika hapo. Jeraha likigusa sehemu inayokua, mkono waweza kwenda kombo miezi mingi baada ya plasta kutolewa, na asiyerudi kupimwa hajui. Nitajibiwa pia kwamba hazina ni tupu, na kwamba Madaktari Wasio na Mipaka, waliofungua kituo cha majeruhi Kigobe mwaka 2015 na kutibu bure, walitumia fedha za wafadhili. Ni kweli. Basi tuanze padogo: mifupa iliyovunjika ya watoto wa shule ya msingi, kuanzia picha ya kwanza hadi kipimo cha mwisho.

Wizara ya Afya isogeze mpaka huo. Nawe msomaji, wiki ya sita baada ya ujumbe ule mpigie mama wa mtoto, muulize kama kiwiko kinanyooka, kisha umtumie nauli ya kurudi kwa daktari.