*TAMKO LA TAWI: ZIWA SI LA KUOMBEA RUHUSA, WALA SI LA KUCHEZEA*



Mabishano kuhusu Misri na maji ya Ziwa Victoria yamekuwa makali kwenye kundi letu. Kamati ya tawi imekaa, na huu ndio msimamo wetu.

*1. Hatudaiwi ruhusa na mtu.*
Mwaka 1929 Uingereza iliandikiana na Misri kwamba katika maeneo iliyoyatawala hakitajengwa kitu kwenye Nile, mito yake wala maziwa yake kitakachopunguza maji ya Misri, mpaka Misri ikubali. Babu zetu hawakuulizwa. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana wenyewe. Tupige hesabu: mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka, Misri 55.5, Sudan 18.5, bilioni 10 za kupotea kwa mvuke. Jumla 84. Nchi za juu: sifuri. Daftari hilo limefungwa bila jina letu, halafu tunaambiwa tuliheshimu!

Mwalimu Nyerere alikataa. Tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya 1929. Bila msimamo huo, maji ya Ihelele yasingefika Shinyanga na Kahama, wala baadaye Nzega, Igunga na Tabora.

*2. Urafiki si hati ya kuuza maji.*
Wapo wanaosema: wakandarasi wa Misri wametujengea Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, sasa tunyamaze. Ndugu zetu, ile ilikuwa kazi ya mkataba na fedha zilitoka kwetu. Tunawashukuru kwa kazi. Lakini fundi aliyekujengea nyumba na ukamlipa hapati haki ya kukupangia kisima.

*3. Lakini "maji yetu, tutumie tutakavyo" nayo ni hoja mbovu.*
Hapa tunawageukia waliopiga makofi mapema. Kwenye Nile sisi tuko juu. Kwenye Mto Mara tuko chini: chanzo chake ni msitu wa Mau, Kenya, ndipo unapita Serengeti na kuingia ziwani upande wetu. Kama aliye juu hana wajibu wowote, basi siku Mau inapofyekwa tutafunga midomo? Hatutafunga. Basi wajibu tunaoudai kwa Kenya, nasi tunao kwa walio chini yetu.

Ndiyo maana tunaunga mkono Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, uliofunguliwa kutiwa saini Entebbe mwaka 2010. Tanzania iliuridhia 2015, na tangu 13 Oktoba 2024 unatumika kwa nchi 6: Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Unasema mambo mawili kwa pamoja: kila nchi itumie maji kwa haki na kwa kiasi, na isimdhuru mwenzake vibaya. Hauchukui tone la Misri. Unaondoa kura ya turufu tu.

*4. Anayedai mali huitunza.*
Tanzania ina takribani asilimia 51 ya ziwa hili. Mwenye hisa kubwa ndiye mwenye hasara kubwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tembeeni mwaloni mhesabu wenyewe. Majitaka yanaingia, gugumaji linashamiri, nyavu haramu zinachota hata samaki wachanga. Hayo hayakutoka Cairo. Tukienda mezani na ziwa chafu, tutawapa wapinzani wetu hoja ya bure: hawa hawawezi hata kulinda walichonacho.

*Kwa hiyo tawi linadai:*
• Mbunge na diwani wetu watueleze hadharani utekelezaji wa mkataba umefikia wapi.
• Mkutano mkuu wa kijiji usomewe taarifa ya mita 60: nani kavamia, hatua gani imechukuliwa.
• Mwanachama yeyote anayemiliki nyavu haramu azisalimishe. Kadi ya chama si kinga.

Ajenda hii itakuwa ya kwanza katika mkutano wa tawi ujao. Mwenye hoja tofauti aje nayo. Tutabishana kwa staha.

*Ziwa ni letu. Na wajibu ni wetu.*

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Tawi