Maji Hayasomi Maandishi

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya pima. Toka Msimbati hadi mlango wa mto Ruvuma, na visiwani Namponda na Membelwa, kina kilipimwa kwa mikono iliyonyooshwa kabla ya mita kutufikia. Mwaka 1953 kampuni ya Blancpain ya Uswisi ilipotengeneza saa ya wapiga mbizi, iliiita kwa kipimo hicho hicho: pima 50, yaani mita 91 hivi. Mwaka huo huo Rolex nayo iliunda Submariner.

Hizo zilikuwa saa za kazi. Ile ya Blancpain ilikidhi haja ya wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa. Pete yake izungukayo ilimwonyesha mtu amekaa chini dakika ngapi, kwa kuwa hewa ya mtungi ina kikomo. Leo saa hizo kuukuu zinagombaniwa na matajiri minadani. Hatuoni ubaya wa kupenda kitu kilichoundwa kwa uaminifu. Ubaya ni kughushi: kuchapa jina la kampuni na idadi ya mita juu ya chombo ambacho hakijajaribiwa hata ndani ya ndoo.

Kila mita 10 za kina huongeza msukumo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Maji hayasomi maandishi. Yakipata upenyo, huingia. Hata saa halisi ikizeeka, mpira wake wa kuzuia maji hukauka, nayo haifai kuzamishwa kabla ya kupimwa na fundi.

Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Tunawaomba wahusika wahakikishe kuwa ukaguzi unafika katika maduka ya Mtwara na vijiji vyake. Aidha, katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, asiruhusiwe mtu kushuka na mtungi akitegemea saa isiyopimwa.

Nanyi ndugu zetu wa visiwani, avaaye saa bandia kwa pambo la harusini hupoteza fedha. Aiaminiye chini ya maji huweka roho yake rehani. Wahenga walikwisha kusema: rahisi huvunja upishi.